Chanjo ya mdondo ya I-2: maoni yangu baada ya vichupa sita kwa kuku wa Mvumi

Kwa mwenye haraka: nunua chanjo hii ya mdondo, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia kideri. Kichupa cha dozi 100 nimekuwa nikikipata kwa shilingi 6,000 kwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko la Majengo, hapa Dodoma mjini, na ukifuata masharti yake kinafanya kazi iliyoandikwa juu yake. Mwenye nafasi akae tuongee. Chanjo hii naiona inanunuliwa na watu wengi wasioelewa inafanya nini, na asiyeelewa huitumia siku ambayo haina msaada tena, halafu anarudi kijijini kutangaza kwamba ni maji matupu.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya sekondari. Naosha mirija, natunza kemikali, napanga hadubini kabla ya mitihani ya vitendo. Kuku ninaowazungumzia ni wa mama yangu, Mvumi, wilaya ya Chamwino. Nyumbani kwetu kuku si kitoweo cha kila siku. Kuku ni ada ya shule, ni nauli ya kwenda hospitali, ni heshima ya mgeni aliyetoka mbali akasimama mlangoni na kusema mbukwenyi. Jioni wakipanda kulala mama huwahesabu mmoja mmoja, na hesabu isipotimia hali ugali wake mpaka apatikane.

Agosti ya mwaka juzi walikuwa 43, vifaranga nimewaacha. Nilifika Jumamosi kuwasalimia. Jogoo mwekundu, yule aliyekuwa akiwika kabla ya wenzake, alikuwa amesimama pembeni ya ghala la mtama, mbawa zimeshuka mpaka zinagusa vumbi. Hakukimbia nilipomkaribia. Alikuwa anahema mdomo wazi, na chini yake kulikuwa na kinyesi cha kijani, kijani kama kisamvu kilichotwangwa. Jumapili walikuwa 6 wa hivyo hivyo. Tetea mmoja shingo ilijisokota mpaka jicho moja likawa linatazama juu, na kila akijaribu kudonoa alizunguka palepale. Mama alimwekea punje za uwele kiganjani. Akadonoa pembeni ya kiganja, akadonoa hewa, akadonoa kidole. Mama akaendelea kumshikia zile punje hadi giza likaingia.

Jumatatu nilikimbilia mjini. Duka la kwanza nililoingia, silitaji na silo ninalolisifu hapa, nilieleza dalili zote. Muuzaji akanipa unga wa oksitetrasaiklini, akasema niweke kwenye maji siku 5 mfululizo, na nikiweza nitwange mshubiri na kitunguu saumu niongezee. Nikalipa. Siku ya 6 tulikuwa na kuku 5. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Ni upepo, mwanangu. Kila kiangazi unapita." Maneno hayo yaliniuma kuliko lawama, kwa sababu mimi ndiye ninayeshinda maabara, na mimi ndiye niliyebeba dawa ya bakteria nikaipeleka kwenye ugonjwa wa kirusi.

Basi niseme wazi tofauti yake, maana ndiyo sababu ya kichupa hiki kuwepo. Bakteria ni kiumbe kamili. Ana ukuta wake, anakula, na ndani yake ana ribosomu, vile viwanda vidogo vya kutengenezea protini. Oksitetrasaiklini hukwama kwenye ribosomu za bakteria, uzalishaji unasimama, bakteria hawezi kuongezeka. Kirusi hakina ribosomu. Hakili, hakipumui, hakikui. Kikiwa peke yake juu ya meza hakifanyi lolote, kinangoja tu kuharibika. Kinazaliana kikiwa ndani ya seli ya kiumbe mwingine, kwa ribosomu za seli hiyo, kwa nguvu ya seli hiyo. Sasa ule unga wangu ungekishika wapi? Unaweza kuwazuia bakteria wanaomdandia kuku aliyekwisha dhoofu, ila mdondo wenyewe unaendelea na safari yake. Hakuna dawa inayotibu mdondo. Anayekuuzia dawa ya kuutibu anakuuzia kitu kingine.

Wanafunzi huniomba niwaonyeshe kirusi kwenye hadubini. Haiwezekani kwa hadubini zetu, hata kwa lenzi inayokuza mara 1,000, kwa sababu kirusi ni kidogo kuliko hata wimbi la mwanga tunaotumia kuangalia. Ndiyo maana watu walikijua kwa kazi yake kabla ya kukiona kwa macho. Mwaka 1892 Mrusi Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa kwenye kichujio kinachozuia bakteria wote, na utomvu uliopita bado uliambukiza. Mholanzi Martinus Beijerinck akarudia mwaka 1898 na kusema wazi kwamba kilichopita pale ni kitu cha aina nyingine kabisa, kinachoongezeka ndani ya mmea ulio hai tu. Picha ya kwanza ya kirusi hicho ilipatikana mwaka 1939, kwa hadubini ya elektroni.

Kwa vipimo vya nyumbani kwetu: chukua punje ya uwele iwe ndiyo kirusi cha mdondo. Kwa kipimo hicho bakteria wa kawaida anakuwa tunda la zabibu. Seli moja ya koo la kuku inakuwa bakuli la mboga. Na kuku mwenyewe anasimama kimo cha kilomita 5. Punje moja ikianguka ndani ya bakuli moja lililo mahali fulani ndani ya mlima wa namna hiyo, inatosha kuanzisha kilio.

Ndani ya punje kuna nini? Kuna uzi mmoja wa RNA, yaani maelekezo ya kukitengeneza kirusi, wenye herufi 15,000 na ushee. Maoni haya unayoyasoma, ukihesabu herufi zake zote, yanakaribia urefu huohuo. Kuku anahitaji herufi zaidi ya bilioni moja ili awe kuku. Kirusi kinachomuua kinaandikwa kwenye kurasa chache. Jeni zake ni 6 tu. Na uzi wenyewe umeandikwa kinyume, kama maandishi ya muhuri wa mpira: ukiyatazama kwenye muhuri hayasomeki, mpaka yagongwe kwenye karatasi. Seli ya kuku haiwezi kusoma RNA iliyo kinyume. Kwa hiyo kirusi husafiri na mgonga muhuri wake, protini kubwa inayogeuza uzi huo kuwa nakala zinazosomeka. Mgonga muhuri huyu akikosea herufi harudi nyuma kusahihisha, ndiyo maana virusi vya RNA hubadilikabadilika haraka. Bahati yetu ni kwamba virusi vya mdondo, pamoja na mabadiliko yote hayo, mbele ya kinga ya kuku bado vinahesabika kuwa aina moja. Chanjo ile ile inaendelea kufaa mwaka hata mwaka.

Nje ya uzi huo kuna utando wa mafuta. Huo hakuutengeneza kirusi, ameuchuna kwenye seli alimotoka. Na hapa kuna faida ya kuishika leo hii: mafuta hayo huyeyushwa na sabuni. Kirusi kikivuliwa utando wake hakiwezi kuingia popote tena. Viatu vya mtu aliyetoka mnadani, tenga la kubebea kuku, mikono ya mchuuzi, vyote hivyo vinabeba mdondo, na vyote vinaoshwa kwa sabuni ya kawaida ya mche. Mama sasa ameweka beseni karibu na mlango wa banda, na hata shangazi akija lazima aoshe kandambili.

Juu ya utando huo zimechomoza protini za aina mbili, na kwa hizo mbili ndipo utaelewa kwa nini kirusi kimoja kinaua na ndugu yake wa ndani ya kichupa haui. Ya kwanza inashika. Inatafuta sukari fulani zilizo juu ya seli za kuku na kung'ang'ania hapo. Baadaye, virusi vipya vinapotoka, protini hiyohiyo inakata zile sukari ili watoto wasinase mlangoni. Ya pili inaunganisha utando wa kirusi na utando wa seli, mlango unafunguka, RNA inaingia. Sasa sikiliza. Protini hii ya pili hutengenezwa ikiwa imefungwa, haifanyi kazi mpaka kimeng'enya cha kuku chenyewe kiikate mahali pamoja maalumu. Ni kufuli, na ufunguo anao mwenye nyumba. Kwenye virusi vikali, pale pa kukatia pamekaa amino asidi (vipande vinavyojenga protini) za kibesi kadhaa zilizofuatana, na kimeng'enya kinachokata pale, kiitwacho furini, kipo karibu kila seli ya mwili: ubongo, wengu, utumbo, moyo. Kirusi kinapita vyumba vyote. Kikifika kwenye ubongo ndipo shingo inapojisokota, kama nilivyomwona tetea yule. Kwenye virusi vipole, pale pa kukatia pana amino asidi hizo chache, hapakatiki na furini. Panakatwa na vimeng'enya vilivyo kwenye njia ya hewa na utumbo basi. Kirusi hicho kinaingia sebuleni, kinazaliana kidogo, kinakwama hapo.

Tofauti ya kifo na uzima wa banda zima iko kwenye herufi chache katika 15,000. Nilipoielewa hiyo nilikaa kimya muda mrefu.

I-2 ni mmoja wa hao wapole. Ni chanjo hai: ndani ya kichupa kuna virusi vya kweli vinavyofanya kazi, si vilivyouawa. Kuku akipewa, virusi vinazaliana kwenye koo lake bila kumuumiza, na mwili unajifunza sura za zile protini mbili. Unatengeneza kingamwili za kuzizingira. Siku kirusi kikali kinapokuja, sukari za seli hakizifikii, kimeshashikwa njiani. Kazi hiyo ya kujifunza huchukua wiki moja hadi mbili. Kwa kuwa ni hai, kuku aliyechanjwa anaweza hata kumwambukiza mwenzake hicho kirusi kipole na kumpa kinga kiasi, lakini usitegemee hilo; mshike kila mmoja.

Jambo ambalo limenifanya niipende kuliko nyingine ni joto. Chanjo nyingi hai hazivumilii kutoka kwenye friji, na Mvumi Novemba, saa 8 mchana, hata barafu ya kwenye chupa ya chai haifiki. I-2 ilitafutwa kwa ajili ya mahali kama kwetu. Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa msaada wa serikali ya nchi hiyo, walichukua virusi vipole vya mdondo wakavipima kwa moto wa nyuzi 56, wakabaki na vile vilivyostahimili. Mbegu ya kirusi hicho wakaigawa bila malipo kwa maabara za nchi zinazoendelea. Ya kwetu hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, Kibaha. Huwezi kukuza kirusi kwenye mchuzi wa maabara kama tunavyokuza bakteria shuleni, maana kinataka seli hai. Kwa hiyo hukuzwa ndani ya mayai yenye kiinitete cha siku 10 hivi, kisha huvunwa yale maji yanayokizunguka kiinitete. Nikikishika kichupa huwa nayakumbuka mayai hayo.

Ile ya I-2 iliyokaushwa kuwa unga, ikiwekwa gizani, hudumu wiki 8 katika nyuzi 28. Yangu ni ya maji, haina uvumilivu wa kiasi hicho, na sheria yangu ni siku mbili tu nje ya friji. Naiviringisha kwenye kitambaa kibichi, naiweka ndani ya kikapu cha ukindu kilicho wazi ili upepo upite, kikapu nakipakata kwenye daladala. Kitambaa kikikauka nakilowesha. Dereva mmoja aliniambia nikiweke mbele kwenye dashibodi nisipate tabu. Nilikataa. Jua la kwenye kioo lina joto na mwanga unaoharibu kirusi cha chanjo, na kirusi kikiharibika, kichupa hicho kinakuwa kweli maji matupu.

Sasa kasoro, maana sitaki mtu aseme nimelipwa.

Ya kwanza si ya chanjo, ni ya wakati, na imenigusa mwenyewe. Machi mwaka jana, tulipokuwa tumenunua mitetea 16 kuanza upya, wawili walionekana wamezubaa. Niliwachanja wote, pamoja na hao. Walikufa 4 ndani ya wiki. Jirani, babu mmoja tunayemheshimu sana pale mtaani, akaniambia, "Binti yangu, sindano yenu ya jicho imeua." Nilimweleza kwa upole, na namweleza na wewe. Kirusi kikali huweza kukaa ndani ya kuku siku 2 hadi 15 kabla dalili hazijatoka, mara nyingi 5 au 6. Wale 4 walikuja nacho kutoka mnadani. Chanjo inahitaji wiki moja hadi mbili, wao walikuwa na siku chache. Chanja kuku wazima, wakati hakuna ugonjwa, na kuku mgeni mtenge kando kwanza kabla hujamchanganya na wenyeji.

Ya pili ni ukubwa wa kichupa. Dozi 100! Kaya nyingi za kwetu zina kuku 10 hadi 20. Ukishafungua sharti ukimalize siku hiyo au kesho yake, ukikiweka wiki tatu uendelee nacho unajidanganya. Mara ya kwanza nilimwaga zaidi ya dozi 80 na roho ikiniuma. Mara ya pili nilipita nyumba sita kwa majirani usiku, tukakubaliana kila mtu achange kwa idadi ya kuku wake, ikawa shilingi 60 kwa kuku mmoja. Babu yule aliyesema chanjo imeua alikuwa wa mwisho kukubali. Alileta kuku 3 tu, kujaribu. Safari iliyofuata alileta 14. Hata hivyo wangetengeneza kichupa cha dozi 20 au 30 wangewasaidia wajane na wazee wasio na majirani wa kuchangia.

Ya tatu, maandishi ya kwenye lebo ni madogo mno. Mama yangu anasoma vizuri tu, ila macho yake hayaoni herufi zile, na tarehe ya mwisho wa matumizi ndiyo ndogo kuliko zote.

Ya nne, inarudiwa kila baada ya miezi 3. Wengine hulalamika kuhusu hili kuliko jambo lolote. Kingamwili hupungua kadiri siku zinavyokwenda, na vifaranga wapya huzaliwa hawajajifunza. Mimi nimeweka Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ya Juni ndiyo siikosi hata ikinyesha mawe, kwa sababu baada ya mavuno watu huuza na kununua kuku, kuku wanazunguka minadani, na kiangazi chetu ndicho mama anachokiita upepo.

Utumiaji wake ni rahisi ajabu, na hapa naipa alama zote. Tone moja, jicho moja, dozi ileile kwa kifaranga na kwa jogoo. Tunaanza saa 11 alfajiri kabla hatujafungua banda. Mpwa wangu anawatoa mmoja mmoja na kurunzi, mama anawashika. Anamlaza kuku ubavu juu ya paja, mkono wa kushoto umebana mbawa, wa kulia umegeuza kichwa jicho liangalie juu. Mimi nakishika kichupa wima kabisa, mdomo chini, kwa sababu ukikiinamisha matone hayalingani. Nabonyeza taratibu. Tone linaning'inia, linanenepa, linaanguka katikati ya jicho la rangi ya chungwa na kukaa pale kama ushanga wa kioo. Halafu lile kope la tatu la kuku, utando mweupe unaotoka kona ya ndani, linapita mara moja kama kitambaa juu ya meza. Tone halipo. Kuku anameza, mdomo unatoa mlio mdogo, tk tk. Ukisikia hivyo ujue limefika: kutoka kwenye jicho kuna mfereji unaoshuka puani hadi kwenye mpasuko wa kaakaa, na nyuma ya mboni kuna tezi ya Harder, moja ya mahali ambapo kinga ya kuku hupikwa. Usimwachie kabla hajapepesa. Akitikisa kichwa tone likarukia ukutani, mrudie.

Na osha mikono. Kirusi hiki, hata kile kipole, kikimwingia mtu jichoni kinaweza kulifanya liwe jekundu na kuwasha siku kadhaa. Mpwa wangu ilimpata alipojifuta uso kwa kiganja kilicholowa. Ilipita yenyewe.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie ile ya kuweka kwenye maji ya kunywa, haina haja ya kukimbizana na kuku. Niliijaribu kichupa kimoja. Ni chanjo nzuri kwa mwenye banda la kuku 500 na friji isiyozima. Lakini maji yetu ya bomba mjini yana klorini, na klorini inaua kirusi cha chanjo kama inavyoua vijidudu vingine, mpaka uchanganye maziwa ya unga yasiyo na mafuta kuipoza. Tena kuku wa kienyeji wana ngazi zao: jogoo anakunywa akashiba, vifaranga wanabaki kuchungulia. Kwa tone la jichoni unajua kila mmoja amepata.

Kwenye duka sasa. Lile la Majengo nalipa sifa kwa mambo mawili niliyoyaona mwenyewe. Chanjo zao ziko kwenye friji yenye kipimajoto, na siku umeme ulipokatika tangu asubuhi dada muuzaji alikataa kufungua mlango wa friji kwa ajili yangu hadi umeme urudi. Niliondoka nimenuna, jioni nikarudi nimemwelewa. La pili, kabla ya kukupa anakuuliza, "Kuku wazima au wanaumwa?" Ukisema wanaumwa hakuuzii chanjo. Anakuambia umwite bwana mifugo aje awaone, uwatenge, na waliokufa uwafukie chini sana au uwachome, usiwatupe korongoni. Amepoteza shilingi 6,000 mbele ya macho yangu kwa njia hiyo. Kasoro yao ni foleni, na Jumamosi hufunga saa 8 mchana, wakati watu wa vijijini ndio wanaingia mjini. Nimeziona pia chanjo zikiuzwa mnadani zimepangwa juu ya turubai pamoja na betri na nyembe, jua limezipiga. Hizo ziache hapo hapo.

Jambo moja zaidi kwa wanaoidai chanjo hii makubwa: ni ya mdondo tu. Haizuii ndui ya kuku, ambayo ni kirusi kikubwa cha DNA kinachoenezwa hata na mbu. Haizuii gumboro, ambayo kirusi chake hakina ule utando wa mafuta, kwa hiyo sabuni peke yake haikitishi na kinaweza kukaa bandani miezi. Kila kirusi kina mlango wake na kila chanjo ina sura moja inayoifundisha. Mama alipoelewa hivyo aliniuliza kama karanga zake zilizodumaa na kujikunja majani nazo zina kirusi. Zinacho, kinaletwa na vidukari wanaofyonza utomvu. Akaniambia, "Basi hata mimea ina mdondo wake." Nilimwambia ndiyo. Msimu uliopita aliwahi kupanda na mvua za kwanza na kuzibananisha karanga zifunike ardhi upesi, maana vidukari hupendelea shamba lililo wazi, na gunia mbili alizivuna.

Jana jioni nilichukua kichupa cha saba. Tarehe yake ni ya mwakani, kipimajoto cha friji kilisoma nyuzi 5. Sasa hivi kimeviringishwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu, juu ya sakafu ya saruji, mahali pasipofikiwa na jua. Mama amepiga simu kusema amehesabu kuku 61, wa babu ni 22, na wa mama mdogo wameongezeka vifaranga 9 ambao hawakuwepo Juni. Daladala ya Mvumi naipanda leo mchana, kesho alfajiri tunaanza na jogoo.